Lori Lililobanduliwa Vibao

Pale yadi walimwita Mama Gia, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwa kejeli. Alishika usukani tangu mumewe alipomtoroka, na kwa miaka mingi ndiye aliyepeleka mitungi ya gesi ya klorini kwenye mtambo wa maji. Kila asubuhi alilizunguka lori na kitambaa, akifuta vile vibao vyenye picha ya fuvu vinavyotangaza gesi ya sumu.

Ubaya ulianza magari yenye vibao hivyo yalipopigwa marufuku kupita katikati ya mji. Kuzunguka nje kulikula mafuta, na bosi alikuwa na mkono wa birika. Asubuhi moja Mama Gia alimkuta fundi wa yadi na bisibisi, anavibandua vibao.

"Funga turubai, pita katikati," bosi alisema. "Nani atajua umebeba nini?"

"Ndiyo hapo, bosi. Hakuna atakayejua. Likivuja je?"

"Unaendesha au huendeshi?"

Aliweka funguo juu ya boneti, akampa kisogo. Kibarua kikaota nyasi hivyo hivyo.

Nyumbani mama yake alinuna. Wiki haijaisha, mdogo wake wa kiume akaja, macho chini.

"Dada, bosi wako kaniita niliendeshe lile lori. Mke wangu mjamzito, nifanyeje?"

"Usilipande, mdogo wangu."

"Mwache mwenzio ahangaike," mama alidakia. "Wewe si umechagua kukaa?"

Kesho yake mdogo wake akazichukua funguo.

Lori lilipata ajali kwenye kona ya soko. Basi liliparamia ubavu wake, mtungi ukavunjika valvu, na mdogo wake akazimia kwenye usukani. Watu wa soko hawakukimbia, walilikimbilia. Walisikia harufu kali, wakadhani ni dawa ya madoa iliyomwagika. Zimamoto nao wakaingia bila barakoa, maana hakuna kilichowaonya. Fundi viatu mmoja wa pale sokoni ndiye aliyemburuta dereva nje, kisha akarudi kumtafuta utingo ambaye hakuwepo. Hakutoka tena. Wazimamoto wawili pia.

Bosi aliapa kwamba dereva alibandua vibao mwenyewe ili akate njia. Mama Gia alipokwenda polisi kueleza ukweli, akaambiwa ana kinyongo cha kufukuzwa kazi.

Mdogo wake alinusurika, lakini mapafu yakawa yanakoroma kama pampu mbovu, na askari akakaa mlangoni mwa wodi kumsubiri apone. Mama yao alikuwa hamsemeshi bintiye, ila siku moja, wakikunja shuka, ilimtoka: "Ungeendesha wewe, mwanangu asingelala hapa."

Lililomkata maini, hata hivyo, lilitoka kwa mjane wa fundi viatu. Walikutana kwenye korido ya hospitali, mjane ameshika bahasha yenye cheti cha kifo.

"Wanasema ulikataa kuliendesha lile lori. Ni kweli?"

"Kweli, dada yangu."

"Kwa hiyo ulijua limebeba nini."

"Nilijua."

"Ulimwambia nani?"

Mama Gia alihesabu moyoni. Alimwambia bosi. Alimwambia mdogo wake, na mama alisikia. Polisi hakwenda kabla ya ajali. Sokoni, alikonunua mboga kila siku huku lile lori likipita, hakumwambia mtu.

"Pole, dada," alisema.

"Pole ninazo za kutosha," mjane akajibu, akashuka ngazi.