Nukta ya Kulia

"Mimi siwezi kufanya kazi na mtu aliyekwisha macho," Mama Nukta alimwambia msimamizi, na wifi yake amekaa pale pale, mkono ungali kwenye kipanya cha kompyuta. "Vitu viwili anaviandika kimoja. Kesho atasema mimi na wewe ni mtu mmoja."

Wifi alijibu bila kugeuka kwamba Mungu apishie mbali, mdomo ule mmoja unatosha.

Chumba kilikuwa chini ya jengo la chuo, hakina dirisha, na feni yake ililalamika kuwapita wao. Walikuwa wakitazama picha zilizopigwa na darubini zilizorushwa angani. Siku ya kwanza mtaalamu aliwachorea ubaoni: huko mbali kabisa kuna kwasari, yaani moyo wa galaksi unaowaka kupita kiasi. Ikitokea galaksi nyingine nzito imekaa mbele yake, uzito ule unaupinda mwanga, unaupitisha kushoto na kulia kama maji yanavyolizunguka jiwe. Sisi huku tunaona nukta mbili, kumbe kitu ni kimoja. Kazi yao ilikuwa kumtafutia mapacha wa namna hiyo. Kila picha ilitazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, na wakipishana, msimamizi ndiye mwamuzi.

Wifi ndiye aliyemwingiza Mama Nukta kazini. Kaka yake wifi, mumewe Mama Nukta, alipofariki akamwacha mjane huyu na ulimi wake tu, wifi alimwombea nafasi, akamfundisha mpaka kushika kipanya. Wema ule ulimkaa Mama Nukta kooni kama mwiba wa samaki. Mwaka mzima alikuwa akimvizia wifi akosee, hata mara moja, ili wawe sawa.

Jozi ile ikamletea nafasi. Nukta mbili, rangi moja, zimekaa ubavu kwa ubavu. Wifi aliandika: kitu kimoja. Baada ya wiki chache, nukta ya kushoto ikawaka ghafla, ikapoa, ikawaka tena. Ya kulia haikutikisika. Mama Nukta akacheka mpaka akashika mbavu. Mapacha gani hao, mmoja kachangamka, mwenzake kanuna? Wifi akasema wangoje. Mwanga wa kulia umezunguka njia ndefu zaidi. Habari ni ile ile, imechelewa tu njiani. Mtaalamu alilisema hilo mapema kabisa, ila siku hiyo Mama Nukta alikuwa akizozana na fundi wa feni.

Kungoja hakukuwa tabia yake. Aliandika malalamiko, ukurasa mzima, kwamba macho ya wifi yamekwisha na anaharibu kazi ya watu. Sasa, wifi kweli alikuwa na kisukari, na kweli alikuwa akichomwa sindano za macho kwa bima ya kazini. Uongo uliochanganywa na kweli kidogo hushuka vizuri. Msimamizi alikuwa mtu wa kutaka picha nyingi kwa siku, basi, hakumuuliza mtaalamu. Aliitupa ile jozi kwenye kapu la zilizokataliwa, na mkataba wa wifi ulipokwisha hakuuongeza.

Wifi alikusanya kikombe chake, miwani na sweta. Mlangoni akageuka.

"Nukta ya kulia ikiwaka, uje uniambie kwa mdomo wako. Nakudai hilo tu."

"Basi tafuta kiti," Mama Nukta akamwambia, "maana utangoja."

Bima iliondoka na kazi, na sindano zikaondoka na bima. Jicho moja lilipofuka katika miezi mitano, la pili halikuchelewa. Mama Nukta alisikia kwa watu. Hakwenda. Alijiambia wifi ana ndugu zake, kana kwamba yeye alikuwa mpita njia.

Mwaka wa kazi ukiisha, kapu la zilizokataliwa hupitiwa mara moja kabla ya kufutwa. Zamu ikamwangukia yeye. Picha mpya za sehemu ile ya anga zilikuwa zikijipanga humo zenyewe, hakuna aliyezitazama. Alipofika kwenye ile jozi, aliondoa mkono kwenye kipanya. Nukta ya kulia ilikuwa imewaka, ikapoa, ikawaka tena, mwendo ule ule wa mwenzake, hatua kwa hatua. Alihesabu siku tangu ya kushoto iwake, mara tatu, akiomba zikatae. Hazikukataa.

Aliyeona ni yeye peke yake. Kitufe kimoja tu, na jozi ingefutika milele. Akisema, malalamiko yake yangefukuliwa, na mkataba wake nao ulikuwa ukiisha mwezi ule ule. Alikaa akiikodolea macho ile nukta mpaka chai yake ikaota utando. Kisha akavuta daftari, akaandika: Ni kitu kimoja. Wifi yangu aliona sawasawa, mimi ndiye niliyekosea. Akatia sahihi kwa wino, asije akajionea huruma baadaye.

Msimamizi alisoma, akamwambia naye hataongezewa mkataba. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile, Mama Nukta hakubisha.

Alimkuta wifi kitandani, chumba kinanuka dawa na nguo zisizokauka.

"Nimekujua kwa viatu," wifi akasema. "Unakanyaga kama umegombana na sakafu."

"Imewaka, wifi. Ile ya kulia. Imechelewa siku mia nne na kumi na mbili."

Wifi alijiinua kwenye mto. Macho yalikuwa wazi, yameelekea ukutani.

"Iliwaka mara mbili?"

"Mara mbili. Katikati ikapoa. Nimeandika daftarini kwamba uliona wewe."

Machozi yalimtoka wifi, taratibu, bila sauti. Macho yale kuona yameshindwa, kulia bado yaliweza. Mama Nukta akaanza kuomba radhi, maneno yakagongana mdomoni. Wifi aliinua mkono, akamnyamazisha.

"La macho yangu usiniulize leo. Sijui kama nitakuja kuwa na jibu. La nukta umelipa. Sikudai."

Mama Nukta akaitikia kwa kichwa. Halafu akakumbuka kwamba mwenzake haoni.

"Nimesikia, wifi," akasema.