Hatua Tano za Baba

"Ziwa lote hili, wewe unataka bwawa la nini?"

Hayo nimeambiwa na ofisa michezo, na mchungaji wetu, na hata dereva wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani Kashai, hapa Bukoba, nikiwa nimelowa chapachapa. Kila mmoja alidhani ndiye wa kwanza kusema, na kila mmoja alicheka.

Niseme mara moja, maana nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja. Anayeogelea chali haoni anakokwenda, anaona mawingu. Kwa hiyo bwawani, mita tano kabla ya ukuta, hupitishwa kamba yenye vibendera juu ya maji. Ukishaipita unahesabu mikono: mmoja, miwili, mitatu, minne, halafu unajitupa nyuma kugusa ukuta. Ukijitupa mapema unagusa maji. Ukichelewa unaugusa kwa kichwa, na kovu ninalo chini ya nywele, nililipata kwenye mashindano Mwanza. Ziwa halina ukuta. Lina mawimbi, na lina wavuvi ambao mara mbili walipiga kasia mbio kuja kuniopoa wakidhani ni maiti.

Hivyo nilikuwa na kasi, lakini sikujua kumaliza. Mwaka hadi mwaka nikawa wa tatu, wa nne, kwa sababu ya zile mita tano za mwisho. Ndipo ukatangazwa mchujo wa timu ya taifa, Dar es Salaam, nafasi mbili tu kwa wanawake wa chali. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijua mchujo mwingine hautanisubiri.

Nikamlalamikia baba kwenye simu kwamba sina ukuta wala kamba ya kuzizoea zile mita tano. Sikutegemea msaada. Baba ni mkulima wa Muleba, na binti mtu mzima kulala chali majini mbele za watu kulimkera tangu zamani. Ila zamani hizo alifanya kazi Maruku kwenye mashamba ya utafiti, akipanga mistari ya kupandia migomba, na hakuhitaji futi. Hatua yake moja ilikuwa mita moja. Kijijini kwetu watu wakigombania mpaka wa shamba, walimwita apige hatua, naye akimaliza hakuna aliyerudia. Kupima nyuma yake ilikuwa sawa na kumwita mwongo.

Jumamosi iliyofuata akashuka kwenye basi stendi ya Bukoba na kamba ya migomba begani, aliyoisokota mwenyewe. Sikuamini macho yangu. Nikampeleka ufukweni, mahali penye zege la zamani la kupakulia mizigo, ambalo limekunja kona na upande mmoja kuingia ziwani. "Ukuta wako ndio huo," akasema. Akaanzia kwenye kona, akapiga hatua tano juu ya ukingo, akasimama. "Hapa." Mimi na mvuvi mmoja tukasimika nguzo mbili za mkaratusi, yeye akafunga kamba na kuning'iniza vipande vya majani makavu ya mgomba. Nilifurahi mpaka nikalia, na yeye akajifanya anaangalia mitumbwi.

Miezi mitano nikaogelea chini ya majani yale, asubuhi kabla ya kazi. Mikono minne, ukuta. Mikono minne, ukuta. Hesabu ikaniingia mwilini hata nikawa nahesabu nikipiga mswaki.

Siku ya mazoezi Dar es Salaam hesabu ikakataa. Mkono wa nne, nikajitupa, nikagusa maji. Nikarudia, maji. Kocha wa klabu moja ya kule, aliyekubali kunisaidia, akaniambia, "Ongeza mmoja. Wewe ni wa mikono mitano." Nikamjibu kwamba bwawa lao limekosewa. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Akacheka. "Dada, akili za kuambiwa changanya na zako." Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwenye mbio niliifikia kamba ya mwisho nikiwa wa pili. Moja, mbili, tatu, nne. Nikajitupa. Maji. Nilipouzungusha mkono mwingine, mwogeleaji wa njia ya pembeni alikuwa ameshagusa. Nikawa wa tatu, kwa kiganja.

Safari ya basi kurudi Bukoba inazidi siku nzima, nami niliitumia yote kukasirika bila kujua namkasirikia nani. Mwenye nyumba wangu ni seremala, na futi yake ya chuma huning'inia mlangoni ninapopita kila siku. Nikaiazima, nikaenda kwenye zege. Kutoka ukutani hadi kwenye kamba palikuwa na mita nne na robo, na robo yenyewe haikutimia.

Nikapanda gari la Muleba siku hiyohiyo, futi mkobani.

Nilimkuta baba kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, akipima mashimo ya migomba mipya. Hasira au si hasira, nilipiga goti kwanza. "Shikamoo, Tata." Akaitikia, akarudi kwenye kazi yake: hatua tatu, alama, hatua tatu, alama. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika. Alianguka na bodaboda miaka mitatu iliyopita, akasema amepona, nasi tukakubali kama tulivyokubali kila alichosema. Safu ya zamani ilikuwa na nafasi ya mtu kupita na mkungu kichwani. Mashimo mapya yalikuwa yamesongamana.

"Tata, hatua zako zimekuwa fupi," nikasema. Nilisema kwa ukali, sitadanganya. Nikamwambia na habari ya kamba.

Akanyoosha mkono, nikampa futi. Akapima shimo hadi shimo, akarudia, kisha akakaa kwenye udongo uliochimbwa.

"Ulikosa kwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kiganja. Akainua futi.

"Na futi hii ilikuwa wapi miezi yote hiyo?"

"Mlangoni kwa mwenye nyumba."

"Sasa, mwanangu, mbona hukupima?"



"Ulikuwa umeshapima wewe," nikasema.