Taa Zilizozimika Mteremkoni

Gereji nzima ilimwita Tasta. Tasta yenyewe, ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, ambayo mafundi umeme hupimia waya, haikumtoka mkononi, na hata harusini alikwenda ameichomeka kwenye kilemba. Kwa miaka kumi na saba alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke peke yake kati ya mafundi tisa, na tusimpambe: alikuwa na ulimi. Mwenzake akikosea waya mmoja, watu walipata habari kabla ya chai. Mteja aliyethubutu kusema "labda ni fyuzi" aliulizwa kwa nini basi asijitengenezee mwenyewe.

Alhamisi ile ulimi ulikuwa umelala. Mbele yake lilisimama gari la kaka yake, jeupe, kuukuu, la miaka ishirini na sita, na kaka mtu alikuwa pembeni kakunja mikono. Gari hilo ndilo lililompeleka mama yao hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, maana figo zilikuwa zimegoma. Mashine ilimngoja saa kumi na mbili asubuhi, na njia ni ya saa moja na nusu, kwa hiyo waliondoka saa kumi, gizani.

Jumatatu, katikati ya mteremko ulioko njiani, taa zote mbili za mbele zilizimika kwa mpigo. Kaka alikanyaga breki bila kuona anapokwenda. Gari liliposimama, gurudumu la kushoto lilikuwa linaning'inia juu ya mtaro. Kisha taa zikawaka zenyewe, bila aibu. Walirudi nyumbani pole pole, na mama aliposhushwa alisema, "Sipandi tena gari hili. Bora nifie kitandani kwangu."

Siku hiyo damu haikusafishwa. Kufikia Alhamisi miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na daktari alisema kwenye simu kwamba akikosa na Ijumaa, asilaumiwe mtu. Gari la kukodi la kushuka mteremko ule saa kumi alfajiri halikupatikana. Lililobaki ni kuzitengeneza taa za gari hilo, na mama akubali kulipanda.

Hii ilikuwa mara ya nne gari hilo kuletwa gereji kwa ajili ya taa. Mara ya kwanza Tasta alibadilisha balbu na fyuzi, ya pili swichi na rilei inayopitisha umeme wa taa, na kila mara taa ziliwaka uani mchana kutwa. Mara ya tatu akampata mkosaji: redio. Kaka alikuwa amefungiwa redio na kijana wa barabarani, mama asikilize habari za asubuhi njiani. Tasta aliing'oa kwa plaizi mbele ya mafundi wote. "Ukiwapa wachuuzi gari lako wakuchokoree waya, unategemea nini?" alimwambia kaka yake, mtu mzima, na watu wakacheka. Tangu hapo kaka hakumsemesha ila kwa lazima. Ndipo ikaja Jumatatu, redio haimo, na taa zikazimika vilevile. Tasta hakuwa amesema lolote juu ya hilo.

"Gari haliumwi gereji," kaka alisema sasa. "Linaumwa njiani."

"Basi twende njiani."

Alichukua balbu mbili ndogo na waya mrefu, akaupitisha kutoka kwenye boneti hadi dirishani. Balbu ya kwanza aliiunga pale umeme unapoingilia kwenye taa kubwa, ncha yake ya pili akaifunga kwenye bodi ya gari. Ya pili aliiunga kwenye waya mbili za taa yenyewe, unaoleta umeme na unaorudisha. Akazibandika zote mbele ya kioo kwa utepe.

"Zikizimika zote," alisema, "umeme haufiki, kosa liko huku nyuma. Ikizimika ya pili peke yake, umeme unafika ila hauna pa kurudia."

Kaka aliwasha gari.

Saa tisa alasiri, taa zinawaka juani, madereva wanaopishana nao wakawapungia mikono kuwaambia wazime. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Balbu zote mbili ziliwaka kimya. Maisha yake yote ya kazi Tasta alikuwa ameomba taa ziwake. Sasa aliomba zizimike. Zisipozimika leo, zitazimika kesho na mama ndani.

Walipofika kichwani mwa mteremko, kaka alipunguza mwendo.

"Usipunguze," Tasta alisema. "Endesha kama Jumatatu."

"Unajua Jumatatu ilikuwaje?"

"Sijui. Nionyeshe."

Kaka alimtazama kidogo, akaliachia gari. Mashimo yakawapokea, moja baada ya jingine, viti vikilalamika. Waliupita ule mtaro. Balbu ya pili ikapepesa, ikapepesa tena, ikafa. Ya kwanza ilikuwa inawaka vizuri.

"Simama. Usizime, usiguse kitu."

Alifungua boneti akaufuata kwa vidole ule waya unaorudisha umeme, ambao mafundi huuita ethi, kutoka kwenye taa hadi uvunguni mwa betri. Huko, pasipoonekana, vidole vyake viligusa utepe. Alijua kabla hajainama kutazama. Utepe ulikuwa umezungushwa kuelekea kushoto, na katika gereji yao hapakuwa na fundi wa mkono wa kushoto ila yeye.

Miaka tisa nyuma gari hili liligonga lori, yeye akalifungia taa upya. Waya wa ethi ulikuwa mfupi. Chuma cha lehemu kilikuwa kimeazimwa, basi akausokota na kipande kingine, akaufunga utepe, akasema kesho nitaurudia. Mara tatu mwaka huu alikuwa amepekua kila waya uliopita mkononi mwa mtu mwingine, lakini hapa hakupagusa, maana hapa palikuwa pake. Nyani haoni kundule. Alibandua utepe, akakibonyeza kile kiungo, taa zikawaka. Alipokiachia zikazimika. Kilikuwa cha moto, kimeota unga wa kijani.

"Umeona?" kaka aliuliza kutoka kwenye usukani.

"Nimeona. Waya wa ethi umeoza."

Ni kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli, na aliisema haraka. Akakata uozo wote. Akaweka waya mpya, mmoja, usio na kiungo, akapiga msasa bodi ya gari hadi chuma kikang'aa, akaukaza kwa boliti. Waliteremka na kupanda mara nne. Balbu hazikupepesa.

Nyumbani mama alikuwa amelala, miguu juu ya mito miwili. Kaka alisimama mlangoni.

"Ilikuwa nini?" mama aliuliza.

Tasta alitazama ile miguu. Angeweza kutaja waya tena, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye angembishia. Alijisikia haya.

"Ni mimi, mama. Niliunga waya vibaya miaka tisa iliyopita, sikuurudia. Swichi ilikuwa nzima. Redio haikuwa na kosa lolote."

Mama alijiinua kwa kiwiko. "Na safari hii nitajuaje?"

"Hutajua. Nitakaa mbele, tuwe sote."

"Ya taa nimesikia. Mwenye gari umemwambia nini?"

Tasta akageuka. "Kaka, nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Kaka alitoka nje. Tasta alimfuata, akamkuta amekwisha kufungua boneti.

"Nionyeshe hiyo boliti," kaka alisema.

Alimwonyesha. Kisha akachomoa spana mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi akamkabidhi mtu mwingine aiguse kazi yake. "Kaza mwenyewe."

Kaka aliweka spana, akaegemea kwa uzito wake wote. Boliti iligeuka. Kidogo tu, robo ya mzunguko, lakini iligeuka, na wote wawili waliiona. Kaka aliikaza hadi ikakataa kabisa, akairudisha spana mkononi mwa dada yake.

"Niamsheni kabla ya saa kumi," mama aliita kutoka ndani.