Mwanaidi Alipopiga Hesabu ya Ujumbe wa Baba

Msimu wa pepeta uliingia kwetu kwa harufu. Jua likiwa bado chini, mpunga mchanga uliokatwa jana yake ulikuwa tayari kwenye vikaango, ukipasukapasuka, na moshi wake mtamu ukitambaa kutoka ua hadi ua. Baadaye zilifuata sauti za vinu, kisha nyungo, na wanawake wakaanza kutoka majumbani na vikapu vichwani, wanakuja kwetu. Kijiji chetu kilikuwa kati ya Dimani na Nyamisati, mashamba ya mpunga yakipakana na mikoko, na baba yangu ndiye aliyekuwa jumbe. Hakuna sheria ya serikali iliyosema jumbe apelekewe pepeta ya kwanza. Watu walileta tu, kama walivyomletea babu kabla yake. Baba alikaa barazani na kanzu yake safi, anaitikia shikamoo, na mama na mama mdogo, mke wake wa pili, wanapokea vikapu mlangoni. Kwangu mimi, ukubwa wa baba ulikuwa ni vile vikapu. Havikuhitaji kuelezwa.

Mwanaidi alikuwa mtoto wa mama mdogo, nami wa mama mkubwa. Tulizaliwa masika moja, tukanyonya katika ua mmoja, tukalala jamvi moja. Kisha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, akawataka majumbe waoneshe mfano kwa kupeleka binti zao shule. Baba alituita barazani, akatutazama, akamchagua Mwanaidi. Mama alisema ni kwa sababu mama mdogo ndiye aliyekuwa kipenzi. Mama mdogo alisema ni kwa sababu mwanawe alikuwa mwepesi wa kushika. Baba mwenyewe sikuthubutu kumuuliza. Mwanaidi akaenda shule ya bweni mbali, mimi nikabaki na ndoo ya maji na kazi ya kuamia ndege shambani. Kila likizo alirudi ananukia sabuni, viatu kavishika mkononi visiingie tope, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kuinuka ovyo, aliinuka kwenda kumpokea njiani. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kisimani kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kuinuka.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katika miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza. Vikapu vilikuwa vimepungua. Ilianza pale baba alipomkamatisha kijana wa Mzee Ngwele kwa kukata boriti za mikoko bila kibali. Kijana alipelekwa Utete akafungwa, na Mzee Ngwele akaacha kuleta pepeta. Mwaka uliofuata jirani zake wawili watatu nao wakaacha. Baba alisema ni mavuno mabaya. Mama alisema ni watu wasio na shukrani. Kisha ikaja habari kwamba Bwana Shauri atafika baada ya mavuno kufanya baraza, na atawauliza watu wenyewe kama bado wanamtaka jumbe wao au wanataka mwingine. Baba hakutikisika. Alisema, "Na waulizwe. Kijiji hiki kinanijua."

Mwanaidi alikuwa nyumbani likizo. Shuleni mwalimu wao alikuwa amewaonesha jinsi ugonjwa wa ndui unavyoweza kufuatwa kwa hesabu, nyumba kwa nyumba, ukajua utafika wapi kabla haujafika. Yeye akataka kujaribu hesabu hiyo kwa vikapu. Tulikusanya vifuu vya nazi, tukavipanga kwenye mchanga nyuma ya jiko, kila kifuu nyumba. Kwa kuwa aliishi mbali hakujua tena nani anakaa kando ya nani, nani anateka maji na nani, nani kaoa kwa nani. Nilimtajia mimi. Kifuu kilichofunikwa kilikuwa nyumba inayoleta pepeta, kilichopinduliwa ni nyumba iliyoacha. Kanuni yake ilikuwa fupi: kila nyumba inatazama majirani zake, na ikiona wengi wao wameacha, nayo inaacha. "Watu hawamwogopi baba, Zaina," aliniambia huku akipindua kimoja. "Wala hawampendi. Wanatazamana tu." Vifuu vya mwanzo vilipinduka kimoja kimoja, kwa uvivu, nikadhani mchezo umekwisha. Kisha tukafika mahali ambapo kila alichopindua kilipindua viwili, na viwili vikapindua vinne, mpaka mchanga wote ukawa vifuu vinavyotazama mbinguni. Alianza upya, akabadilisha mwanzo, akaandika kwa kidole pembeni, akagawanya, akafuta. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: kwanza polepole, halafu kwa pamoja.

Baba alitukuta hapo. Alisimama muda, mikono nyuma, kisha akachuchumaa kwenye mchanga na kanzu yake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. "Nifahamishe," akasema. Hakusema "nifahamisheni". Mwanaidi akamfahamisha, na baba akamsikiliza kama alivyowasikiliza wakubwa wenzake, akiuliza na kungoja jibu. Nilimwambia baba kwamba nyumba za upande wa bondeni nimezipanga mimi. Akaitikia "Ehe," bila kugeuka. Moyo ulinichoma kama nimemeza pilipili kichaa. Hata mama alipotoka jikoni akamfokea Mwanaidi, "Mtoto gani wewe unampima baba yako kama maiti anayechimbiwa kaburi!" ni Mwanaidi aliyefokewa, ni baba aliyemtetea, na mimi nilikuwa nimeshika kifuu mkononi, hakuna aliyejua kama nipo.

"Sasa zilizobaki zinashikiliwa na nani?" baba aliuliza.

"Na nyumba ya shangazi," Mwanaidi akajibu. "Inatazama njia ya kisimani. Kila anayepita anaona kama kikapu kimetoka. Shangazi akileta, wengi wataleta. Asipoleta, baba, wengi wa waliobaki wataacha kabla mwezi huu haujaisha."

Shangazi alikuwa dada yake baba, mkubwa wake. Mwaka ule alikuwa bado hajaleta. Alikuwa na mtoto wa kiume, karani wa chama cha kununua pamba kule Kibiti, na watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba kijana yule angefaa ujumbe. Nadhani shangazi alikuwa amechoka kuwa dada wa jumbe na alitaka kuwa mama wa jumbe. Wivu nilikuwa naujua, nikautambua kwake kama mtu anavyoitambua ndala yake mlangoni.

Alasiri ya siku iliyofuata baba alivaa kofia akaenda kwa dada yake. Nilikuwa kisimani na wanawake wengine. Tulimwona akija peke yake, akapiga hodi, akakaribishwa kwenye jamvi nje, si ndani. Hatukusikia alivyoanza, lakini shangazi alikuwa na sauti ya kupita ukuta. "Athumani, umekuja kuomba pepeta?" akasema. "Tangu lini pepeta ya jumbe ikaombwa?" Baba akajibu kitu kwa chini. Shangazi akasema, "Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nikileta nitaleta." Kisha mwanamke mmoja akacheka kidogo, akajitwika, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyebeba habari.

Siku zilizofuata hakikuja kikapu hata kimoja. Hata wale ambao kwa hesabu ya Mwanaidi walikuwa na mwaka mmoja zaidi wa kuleta hawakuja. Nimelifikiria sana jambo hilo maishani. Alimweka kila mtu wa kijiji kwenye mchanga ule isipokuwa baba. Hakuwa amefikiri kwamba mtu anayeoneshwa anguko lake hakai akalitazama tu, atakwenda kulizuia, na watu watamwona akienda.

Bwana Shauri alikuja, akakaa chini ya turubai na mkalimani wake, akauliza. Waliomtaka baba wainue mikono. Mzee mmoja kipofu aliinua, na mpagazi wa baba wa zamani, na mama yangu kutoka upande wa wanawake, ingawa mikono ya wanawake haikuhesabiwa. Walipoinua waliomtaka mtoto wa shangazi, sikuweza kuona mbingu kwa mikono. Baba alisimama, akavua kofia ya ujumbe, akamkabidhi mpwa wake na kumwombea dua mbele ya wote. Sauti yake haikutetemeka. Shangazi ndiye aliyelia.

Jioni, kabla ya magharibi, Mwanaidi alimwendea baba barazani akapiga magoti. "Nisamehe, baba. Nisingesema usingekwenda kwa shangazi. Nimekuangusha mimi." Baba alimshika kichwa akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msimu uanze. "Umeniangusha wewe? Mimi nimeanguka na akili zangu," akamwambia. "Lakini katika kijiji kizima ni wewe tu uliyenieleza ukweli. Kaa hapa." Akamsogezea nafasi kwenye jamvi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya udhu. Dada yangu alikuwa analia kwa sababu amemwangamiza baba, na mimi nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nilitamani lawama ile iwe yangu, niambiwe na mimi nikae.

Siku hizi naishi Kibiti. Juzi mwenyekiti wetu wa kijiji ameshindwa uchaguzi, na kesho yake nilimkuta sokoni anachagua samaki, anataniana na aliyemshinda, na hakuna aliyegeuza uso. Baba yangu, baada ya baraza lile, alipita njia ya nyuma ya mashamba mpaka siku alipozikwa, asikutane na mtu ambaye zamani alimwamkia. Nafurahi kwamba watoto wetu hawatayaona hayo. Cheo sasa kinakuja na kuondoka, na mwenye nacho anabaki na jina lake. Mjukuu wangu anayesoma chuo ananiambia wapo wataalamu ambao kazi yao ni kupiga hesabu za namna wakubwa wanavyopoteza nguvu, na kompyuta zao zinapindua maelfu ya nyumba kwa kufumba na kufumbua. Nilimuuliza kama wanamweka na mwenye cheo ndani ya hesabu. Akasema ataulizia.

Mwanaidi yupo Dar es Salaam, mwalimu mkuu mstaafu, macho yamepungua lakini ulimi ni uleule. Hupiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Simu ikilia, wajukuu zangu, niliowaogesha na kuwabeba kwa mikono yangu hii, wanakimbia kuigombania. "Bibi Mwanaidi! Bibi Mwanaidi!" Wanamweka kwenye spika, wanamuuliza mambo ya shule, wanacheka mpaka wanakaa chini. Nami, kikongwe mzima, hunyanyuka nikaenda jikoni kuchochea moto unaowaka vizuri tu, nikisikiliza kama kuna atakayeniita.