Ukuta wa Matairi na Barua ya Posa

Ukija Karatu mwezi wa nne utakuta mvua, ukungu na mimi. Mvua na ukungu ni vya Mungu. Ghala langu ni la kwangu, nimelijenga kwa mikono hii, na nasema bila kuona haya kwamba kuanzia mteremko wa Mto wa Mbu mpaka geti la Ngorongoro hakuna paa jingine ambalo chini yake mtu anaweza kupanda ukuta, kupiga upinde na kucheza mpira amekaa chini, na akatoka nguo zake kavu.

Nilifika hapa kijana kutoka Upareni. Darasa la sita nililiacha njiani. Mkononi nilikuwa na jeki, pampu na chapati mbili. Nikaziba pancha kando ya barabara kuu miaka mingi, nikayajua magari ya watalii kwa tumbo kabla sijayajua kwa rangi. Halafu nikaoa kijiji cha Buger, kwa Wairaqw, nikaanza kununua maharage ya wakwe zangu na majirani zao, nikajenga ghala. Waliosoma walinicheka kwamba ghala ni kubwa mno. Mimi nilijua mtu hujenga kwa kipimo cha kesho.

Masika moja ghala lilikuwa tupu. Madereva walikuwa wamekaa barazani kwenye mahoteli na wageni wao, wote wanaitazama mvua kama ng'ombe waliofungiwa zizini. Dereva mmoja rafiki yangu akaja kujaza upepo, akaniambia ana familia ya watoto wanne wanaopigana tangu asubuhi. Nikamwambia walete. Siku ile sikuwa na kitu ila matairi. Wakayasukuma kutoka ukuta hadi ukuta, wakayaruka, wakaingia ndani yake wakajiviringisha, na jioni hawakutaka kuondoka. Nililala nikifikiri. Asubuhi nikanoa kisu.

Matairi ya malori nikayakata vipande kama mtu anayeshona viatu vya katambuga, lakini vinene, vya kushika na kukanyaga. Nikavifunga kwa bolti kwenye mbao, mbao zikapanda ukutani mpaka karibu na mabati. Kapi lenye kamba nikalining'iniza kwenye boriti. Mikanda ya kumfunga mpandaji nikaitoa kwenye viti vya magari chakavu, kofia ngumu nikanunua za bodaboda, na chini nikamwaga magunia ya pumba za ngano, ukianguka unaanguka kitandani. Juu kabisa nikafunga kengele ya ng'ombe. Ukifika unaigonga, watu wote chini wanapiga makofi. Injinia mmoja alikuja akauchunguza ukuta wangu kimya kimya, akauliza ramani iko wapi. Nikagusa kipaji changu cha uso.

Ya pili ikawa boling. Mpira ni matambara yaliyovikwa tyubu, na shabaha ni chupa kumi za maji zilizojazwa mchanga. Ya tatu upinde, mishale yake imevishwa raba, unalenga bunda la majani ya ngano. Na ya nne ndiyo ninayojivunia zaidi, mpira wa kukaa. Kila mchezaji anakalia kipande cha gunia, anajisukuma kwa mikono na visigino, na atakayeinua makalio faulo. Hapo mrefu na mfupi, mzee na kijana, wote ni sawa.

Sasa niseme habari ya wakwe.

Binti yangu wa kwanza anafanya kazi Moshi. Huko akapata mchumba, Mchaga. Posa ikapangwa, na kama ilivyo desturi barua ilikuwa iletwe na mshenga. Mshenga akashikwa na homa siku moja kabla ya safari. Baba wa kijana, mwalimu mstaafu, akaamua kuileta barua mwenyewe pamoja na mkewe, maana siku ilikwisha pangwa na mimi nilikwisha jigamba kwenye simu: "Njooni, kabla ya chakula nitawashusha kreta, mtaona faru kwa macho yenu."

Walifika jioni, wakalala Karatu. Kulipokucha binti yangu alinivuta pembeni.

"Baba, nakuomba. Leo usiseme sana."

"Mimi huwa nasema sana?"

Akawa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Ndipo nikajua anampenda yule kijana kweli.

Tukapanda gari. Ukungu ulitupokea kabla ya geti. Tulipofika ukingoni, pale wanaposimama kupiga picha, tukaona weupe mtupu. Mwalimu akasimama na mwavuli wake, mrefu, mwembamba, koti la kijivu, akautazama ule weupe kama anasahihisha daftari ambalo mwanafunzi hakuandika kitu.

"Kreta iko hapo chini," nikamwambia.

"Nakuamini," akasema.

Askari akatuambia siku hiyo hakuna gari kushuka, njia inateleza kama sabuni. Tukageuza. Saa nne asubuhi tulikuwa tumerudi Karatu, na chakula mke wangu alikipanga saa nane. Saa nne nzima za kukaa sebuleni na mkwe, mnatazamana, mshenga hayupo wa kuchuja maneno! Barua iko ndani ya koti, haitoki mpaka watu wale, washibe, waheshimiane. Nikaona kheri ghalani. Nikapitia nyumbani, nikawachukua mke wangu na binti, jirani akabaki kuangalia masufuria.

Lazima nieleze jambo moja kwa asiyelijua. Mpare na Mchaga ni watani tangu mababu. Mtani unamwambia lolote, hata msibani, na haruhusiwi kununa. Sisi tunamcheka Mchaga kwa kupenda noti na kwa kukimbilia kwao kila Desemba, tunasema anakwenda kuhesabiwa. Lakini mkwe ni kitu kingine. Mkwe unamwinamishia macho. Sasa Mchaga anayekuja kuwa mkwe wako, unamshika kwa mkono upi? Hilo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha, na mimi sikuuliza.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mama mkwe, yaani mke wa mwalimu, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, alijifunga kanga juu ya gauni akakaa kwenye gunia la mpira kabla sijamaliza kueleza sheria. Akaingiza goli la kwanza kwa kisigino. Mke wangu, ambaye sijawahi kumwona akikimbia tangu harusi yetu, akajisukuma nyuma yake huku akitukana kwa Kiiraqw. Binti yangu alikaa golini, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona meno yake.

Mimi na mwalimu tukaenda kwenye boling. Hakuvua koti. Mvua ilikuwa inatwanga mabati, ukitaka kusikika unapaza sauti. Alirusha mara ya kwanza, mpira ukapita kando. Mimi nikaangusha chupa tisa. Alirusha ya pili, ukapita kando ya pili. Na mimi nikishinda, ulimi unalegea.

"Lenga mzee wangu!" nikapaza sauti. "Ungewekewa noti pale katikati usingekosa!"

Mkewe akacheka kule chini. Mwalimu akatikisa kichwa kidogo. Nikadhani anacheka naye. Safari ya tatu akakimbia hatua mbili apate nguvu, viatu vyake vya ngozi vikateleza, akapiga goti chini. Nami nikajaza kifua:

"Unakimbilia wapi, Desemba bado! Kuhesabiwa kwenu bado!"

Mvua ikakatika hapohapo. Mnajua mvua za huku, hukatika kama mtu kafunga bomba. Maneno yangu yakatua katikati ya ghala yakiwa uchi.

Mwalimu akainuka. Akakung'uta goti. Halafu akafunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, mpaka cha juu. Binti yangu aliviangalia vile vifungo vyote.

"Nafikiri mvua imetupa nafasi," mwalimu akasema. "Labda tuwahi Moshi kabla barabara haijaharibika."

Mke wangu alinyanyuka kwenye gunia lake, akanishika kiwiko, akanipeleka mlangoni.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Yule mtani wangu!"

"Mtani wako ana barua ya mtoto wetu mfukoni? Mimi utani wenu wa milimani siujui. Kwetu mkwe hachekwi akianguka. Na mshenga hayupo. Nani atakuombea radhi?"

Nimewahi kuliinua lori la ngano na jeki mbovu huku dereva amekimbia. Nimewahi kubishana bei ya maharage na watu wenye digrii wakaondoka wananishukuru. Lakini kuomba radhi ni ufundi ambao sikuusomea. Nilisimama pale mlangoni nikitazama tope jekundu, nikijua kwamba watu wakipanda gari na barua yao, mtoto wangu hataniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo litakaloniua.

Nikarudi ndani nikiwa na neno moja tu mdomoni, samahani, na hata hilo halijaiva. Nikamkuta mwalimu amesimama mbele ya ukuta. Alikuwa anakiminyaminya kipande cha tairi kwa vidole.

"Hiki kimetoka kwenye tairi la nini?"

"Lori, mwalimu."

"Na kamba hii inabeba kilo ngapi?"

"Niliining'inizia magunia mawili ya maharage siku tatu, yakashuka salama."

"Hukufanya hesabu?"

"Hesabu ya namna hiyo siijui. Ndiyo maana nikaweka magunia."

Akaivuta kamba mara moja, kwa nguvu. "Hiyo ndiyo hesabu," akasema.

Kisha akavifungua vile vifungo, akavua koti, akamkabidhi binti yangu. Mkewe akapiga yowe.

"Baba, una miaka sitini na nne! Na goti hilo!"

"Goti ndilo linalotaka kupanda."

Nikamfunga mikanda mwenyewe, nikaivuta mara tatu kila mmoja. Nikashika kamba. Nimewashikia kamba watu wengi, Wazungu, wabunge, bibi arusi mmoja na shela yake, na sijawahi kutetemeka. Siku hiyo nikaizungusha kamba kiunoni mara mbili. Alipanda taratibu, akisoma kila kipande kabla ya kukikanyaga. Katikati mguu ukamponyoka, akaning'inia, akazunguka nusu duara. Nikaikaza kamba kwa kiuno chote. Hakulia wala hakuomba msaada. Alijigeuza, akatafuta kipande chake, akaendelea. Na kengele ya ng'ombe ikalia.

Tukapiga makofi. Nikainamisha macho kama mke wangu alivyotaka, nikasema kwa adabu zangu zote, "Hongera sana, mkwe. Nakushusha taratibu."

"Usinishushe!"

"Mkwe?"

"Nani mkwe? Barua umeshapokea?"

"Bado."

"Basi hapa juu mimi ni mtani wako. Na mtani amenitukana mbele ya mke wangu. Sishuki mpaka nilipwe faini."

Nikainua macho. Yule mzee alikuwa amekumbatia ukuta wangu, kofia ya bodaboda imekaa upande, anacheka mpaka mkanda unatikisika.

"Faini gani?" nikauliza.

"Mbuzi dume. Aliyenona."

"Nitatoa."

"Tamka mbele ya mashahidi! Nyie Wapare nawajua. Kesi ya kuku mnauza ng'ombe mpate kushinda!"

"Mbuzi dume aliyenona!" nikapiga kelele. "Shuka basi, mikono inaniuma!"

"Iume! Mchaga akishapata kilima chake haondoki kwa bei ya kwanza! Weka na jogoo!"

Mama mkwe alikuwa amelala chali kwenye magunia ya pumba, anapangusa machozi. Mke wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine kama watu waliochanganyikiwa, halafu naye kicheko kikamshinda, akajikalia chini. Nikaweka na jogoo. Akashuka.

Nilipokuwa namfungua mikanda, akaninong'oneza:

"Nilikasirika kweli."

"Samahani, mwalimu," nikasema, na ikatoka nzima.

"Si kwa maneno yako. Mwanangu aliniomba wakati tunaondoka, baba, wale ni watani zetu lakini usianze. Tangu geti la Ngorongoro nina la kusema kuhusu faru wako, nimelimeza. Wewe ukafungulia bomba peke yako, na mimi nimefungwa mdomo."

"Hata mimi niliombwa hivyohivyo," nikamwambia.

"Wewe hukusikia."

"Mimi sikusikia."

Akamwendea binti yangu, akachukua barua kwenye koti aliloshika, akaja akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili. Kwa desturi ingesubiri nyumbani, mezani, baada ya chakula, lakini niliifungua palepale, nikaisoma mstari kwa mstari kwa mwendo wangu, na mwalimu hakunisaidia neno wala kunihimiza. Nilipomaliza nikamwambia majibu yatafuata kwa mshenga akipona, kama inavyotakiwa. Lakini nilishamtazama binti yangu na kumkonyeza, na yeye akageukia ukuta akajifanya anahesabu matairi.

"Karibu, mkwe," nikasema.

"Ahsante, mkwe," akasema.

Akainamisha macho. Nami nikayainamisha yangu. Tukakaa hivyo juu ya magunia, watu wazima wawili wenye heshima zao, hatuna hata la kusema, mvua imerudi kwenye mabati, mpaka wanawake wakachoka kutungoja na mama mkwe akatuita tuje tukae golini, kila mmoja lake.