Kompyuta Isiyo na Madirisha

Wapo watakaosema mzee huyu ameanza kuweweseka. Waseme. Zuhura yumo chumba cha pili hapa hapa Dimani, njooni mumwone, kama mtapata pa kuchungulia.

Mimi shule niliachia darasa la nne, nikapelekwa dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, nguruwe wasile. Nguruwe nawajua. Kompyuta siijui. Lakini Zuhura, binti yangu wa pekee, alitaka kufungua steshenari kijijini, watu wasihangaike kwenda Kibiti kuchapisha barua. Mama yake alikuwa amefariki masika yale, na habari ya hilo duka ndiyo ya kwanza kumrudishia kicheko. Ningemkatalia vipi?

Tukaenda Kibiti siku ya Ijumaa kununua kompyuta. Pikipiki ikapata pancha njiani, tukafika watu wako msikitini, maduka yamefungwa. Moja tu liko wazi. Sasa jiulize, muuzaji gani wa Kibiti anafungua saa ya hutuba? Mimi sikujiuliza.

Alikuwa kijana nadhifu, ila pindo za suruali yake zinachuruzika tope jeusi la mikoko, na siku zile jua kali, barabara vumbi tupu. Akanisalimu kwa Kindengereko. Siyo hiki chetu cha kuchanganya, la, kile cha bibi yangu. Niamini, nywele zilinisimama.

"Hii bei yake nafuu," akasema. "Haina Windows, ina Linux."

"Huyo ndiye mdudu gani?"

Zuhura akacheka. "Windows ni madirisha, baba. Hii haina madirisha, ina mfumo mwingine."

Nami nikaleta utani wangu: "Nyumba gani hiyo isiyo na dirisha?"

Yule kijana hakucheka. "Unaijua, mzee wangu. Si umemlaza mkeo humo?"

Nikamshika Zuhura mkono tuondoke. Akauchomoa. "Baba, amejuaje habari za mama?" Macho yake hayakuwa ya hofu. Yalikuwa ya njaa. Akainunua.

Nyumbani akaiwasha. Ikaandika: Karibu, Mwanahawa. Jina la mama yake. Nikamwambia, futa. Akasema haifutiki, ukitaka kubadili kitu humo inataka neno la siri la mwenyewe, na mwenyewe ni mama. Akaanza kubahatisha. Jina la shamba, jina la mbuzi, vyakula alivyopenda marehemu. Kutwa kucha. Steshenari ikasahaulika.

Nikamwita fundi kutoka Kibiti. Akanicheka. "Babu, Linux haina jini, haina hata virusi! Watu wananunua kompyuta mpya zenye hiyo Linux na wanazifanyia kazi." Akaifungua kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na waya hata mmoja. Tope jeusi, limejaa pomoni, na kioo bado kinawaka! Fundi alikimbia akaiacha bisibisi yake. Ninayo mpaka leo.

Siku moja nikasikia Zuhura anapiga kigelegele. Amelipata neno.

"Neno gani, mwanangu?"

"Siyo lako, baba."

Tangu hapo dirisha la chumba chake linazibwa kwa udongo. Nikilibomoa asubuhi, adhuhuri limezibwa tena, na mikono yake ni safi. Udongo wenyewe mweusi, siyo huu wetu mwekundu. Shehe amesoma, mganga amefukiza. Wote wameacha kuja.

Linux siilaumu, fundi alisema ni kitu safi. Namlaumu aliyetuuzia, na huyo nitampata wapi? Nawe ukinunua kompyuta, iwe na hayo madirisha au isiwe nayo, iwashe palepale dukani, usome inamkaribisha nani. Ikimtaja maiti wako, iache mezani uondoke, hata kama bado unamlilia. Na ukiitwa kutoka humo, tafadhali, usiitike.

Maana jana nilimpelekea Zuhura uji. Nikabisha hodi. Akaniita kwa jina letu la chumbani, lile alilokuwa akiniitia marehemu peke yake. Sauti ya mwanangu haimo tena, nilijua nikiwa nimesimama na bakuli mkononi. Nilijua kabisa.

Nikaitika, "Naam."