Je, Bado Kuna Anayeitumia?

Watoto wa shule ya wasioona walimpa mume wangu jina la Mzee Lehemu. Sura yake hawakuwahi kuiona, ila walimjua kwa harufu ya nyaya alizokuwa akilehemu, tangu yuko mwisho wa ukumbi. "Mzee Lehemu huyo," walisema, na kweli ndiye. Alikuwa fundi umeme wa shule ile miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa mpishi hapohapo, kwa hiyo ninayoyaandika niliyaona.

Katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro kulikuwa na mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na ikichapa iligonga hadi vifuniko vya masufuria yangu vikatetema. Nayo ilikubali kuongozwa na kompyuta moja tu, kuukuu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kadi ya kuiunganisha na mashine, ambayo haitengenezwi tena popote. Mume wangu aliiwekea kompyuta hiyo mfumo wa kuiendesha, wa bure, wa ukoo uitwao Unix, unaotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali. Mifumo mingine yote ilikuwa imekwisha kuitupa kadi ile; huo peke yake bado ulikuwa na kiendeshi chake. Kiendeshi, alivyonieleza mimi wa darasa la saba, ni mkalimani. Kompyuta inasema lugha yake, kifaa kinasema yake, naye anakaa katikati. Akiondoka mkalimani, wawili hao wanabaki kukodoleana macho.

Karani wa shule hakuisha kumtania. "Mzee Lehemu, hilo dude lako lilipaswa kustaafu kabla yako."

"Likistaafu, karani, utawachapia watoto kwa kucha zako?"

Asubuhi moja alikuja jikoni na karatasi mkononi. Nilikuwa nachambua mchele.

"Mama watoto, wale watu wa mfumo wameuliza swali."

"Wamekuuliza wewe?"

"Wamewauliza watumiaji wote. Viendeshi vya zamani ni vingi, watunzaji wachache. Wanasema, je, bado kuna anayeitumia kadi hii? Miezi sita ikipita bila mtu kujibu, wanakiondoa."

"Sasa wewe unataka kuwaambiaje?"

"Kwamba nipo. Lakini Kiingereza changu cha kuungaunga, na wale ni mabingwa. Wataona huyu naye katokea wapi, anajitangaza."

Hapo ndipo nilipoteleza. Nimelelewa nikiambiwa unyenyekevu ni taji mbele za Mungu, na mume wangu nilimpendea upole wake. Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye ungo, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mungu anaiona kazi yako, nao wataiona."

Aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati la kazi. Miezi sita ikapita kama miezi mingine.

Mwaka uliofuata diski ya kompyuta ilikufa. Ilikuwa imebaki miezi mitatu watoto saba wa darasa la mwisho wafanye mtihani, na vitabu vyao vya marudio vilikuwa havijachapwa. Mume wangu hakutishika. Alitafuta diski nyingine, akapakia mfumo uleule, toleo jipya. Nilisimama nyuma yake. Maandishi yakateremka kwenye kioo, kila kifaa kikitajwa kwa zamu kama mwalimu anavyoita majina darasani. Kadi haikuitwa. Akazima, akawasha. Haikuitwa.

Akarudia toleo la zamani. Hilo liliijua kadi, lakini diski mpya halikuiona. Jipya liliijua diski, kadi likaisahau. Huku kuna kiatu, huku kuna mguu, na havikutani.

Ndipo akaandika barua, akihangaika na kamusi mchana kutwa. Majibu yalikuja kesho yake, ya adabu, na adabu ile ndiyo iliyouma. Alinitafsiria polepole: "Tuliuliza, tukasubiri. Neno moja lingetosha. Sasa kati yetu hakuna aliyebaki na kadi hiyo ya kujaribia. Maandishi ya kiendeshi cha zamani tunayo kwenye kumbukumbu. Ukiweza, yarekebishe mwenyewe."

Hakuniambia, "Ni wewe." Angeniambia, ningepumua.

Aliyarekebisha mstari kwa mstari, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu. Binti mmoja mrefu wa lile darasa alikuwa akija kusimama mlangoni.

"Mzee Lehemu, mbona chumba chako hakigongi?"

"Kesho kitagonga, mjukuu wangu."

"Hata juzi ulisema kesho. Hii kesho yako ina miguu?"

Mume wangu alicheka, nami nikacheka, kisha binti akaenda zake akipapasa ukuta, na hapakuwa na wa kucheka tena.

Wale saba walisomea kitabu kimoja cha zamani, kwa kupokezana. Nukta zake zilikuwa zimebonyea kwa kuguswa miaka mingi, kurasa nyingine laini kama kitambaa. Walifaulu wawili. Binti mrefu hakuwamo.

Shule ilikuwa imefungwa, watoto wamerudi makwao, nami nilikuwa nasugua masufuria niliposikia vifuniko vinatetema. Nilikimbia na sabuni mikononi. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya mashine, karatasi zikitoka, naye anazipapasa kwa vidole, yeye asiyejua kusoma hata nukta moja.

"Imekubali," alisema.

"Watoto wameshaondoka," nikasema, kana kwamba hajui.

Tulisikiliza inavyogonga. Kisha nikamwambia, "Basi wapelekee wale watu ulichotengeneza, baba watoto. Wajue upo, wasije wakakiondoa tena."

Akanitazama. "Chema chajiuza," alisema, kwa upole uleule niliompendea, akanyoosha mkono akaizima mashine.

Nilirudi kwenye masufuria yangu. Karatasi ya lile swali bado imo mfukoni mwa shati lake la kazi. Kila nikifua naitoa, na shati likikauka nairudisha.